Samaki "mgumu" wa bwawani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwa wafugaji wengi wa Unguja na Pemba, samaki mgumu ni yule anayebaki hai maji yanapopungua na jua kuwa kali, na kambare ndiye anayepewa sifa hiyo kuliko wote. Sifa ni ya haki, ila inahusu pumzi tu: juu ya matamvua yake kuna kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa ya nje. Kiungo hicho hakimkingi na bakteria aina ya Aeromonas, na kwa kuwa hana magamba, mchubuko mdogo humfungulia mlango.

Wapo wanaoamini kuwa samaki aliyeshinda ugonjwa mmoja ameshinda yote. Nchini Marekani, kambare aitwaye Ictalurus punctatus hudhurika sana na bakteria Edwardsiella ictaluri, ilhali nduguye, Ictalurus furcatus, humstahimili bakteria huyo zaidi. Wafugaji wakazalisha chotara wa hao wawili. Hata hivyo, aina kali ya Aeromonas hydrophila iliyozuka Alabama mwaka 2009 iliwaua chotara pia.

Perege naye, pamoja na ustahimilivu wake wote, ana adui wake: Streptococcus agalactiae, ambaye maji yakipata joto humtokeza macho na kumzungusha kama pia, mara nyingi akiwa amekaribia kuuzwa.

Dhana iliyoota mizizi zaidi huku kwetu ni kwamba chumvi huua vijidudu, kwa hiyo mwatiko, samaki wa maji ya chumvi, wa mabwawa ya mikokoni yanayobadilishiwa maji wakati wa bamvua (maji makuu), haugui. Lakini bakteria wa jamii ya Vibrio, ambao huwaletea samaki magonjwa, wengi huhitaji chumvi ili waishi. Bahari ndiyo kwao. Ngao ya kwanza ya mwatiko dhidi yao ni ngozi nzima yenye ute na magamba, nayo ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa. Mtazame anapotolewa wavuni: magamba hubanduka yakaganda kwenye nyuzi na viganjani, na siku chache baadaye pale palipobanduka huweza kuiva wekundu. Vifaranga wakifa baada ya kuhamishwa, mfugaji hulaumu maji ya bwawa jipya, na ndoo iliyowasongamanisha njiani haitajwi.

Kuhusu kuchanganya dawa za binadamu kwenye chakula cha samaki ili kuwatibu, niseme wazi kuwa siioni busara yake. Samaki mgonjwa huacha kula mapema, na dawa huishia matumboni mwa wazima.