Logi ya Kanzidata Si ya Kurusha Kwenye Grupu

Jumamosi moja, saa nne usiku, ujumbe uliingia kwenye grupu letu la mafundi wa TEHAMA hapa Tabora. Kijana wa ofisi moja mjini alikuwa anapandisha toleo la kanzidata ya bili, kazi ikamgomea katikati. "Wakuu, hii inagoma wapi?" Chini yake akabandika folda nzima ya logi, yaani mafaili ambamo programu huandika kila inachofanya na makosa yake.

Jibu alilipata ndani ya nusu saa. Ila kwenye folda ile mlikuwemo faili pg_upgrade_dump_globals.sql, lenye majina ya watumiaji wote wa kanzidata na nywila zao zilizofumbwa, yaani zimegeuzwa kuwa herufi zisizosomeka. Nikampigia: "Mdogo wangu, futa hiyo haraka." Akafuta, lakini simu ngapi zilikuwa zimeshapakua? Jumapili nzima aliimaliza akibadilisha nywila.

Wengi hudhani nywila ikishafumbwa imekuwa salama. Aliyelipata faili hana haja ya kuifumbua. Hukaa nalo kwake, anajaribisha maneno maelfu kwa maelfu bila seva yako kujua, na nywila ya aina ya Tabora123 haitamchukua muda, hasa kama imefumbwa kwa md5, njia ya zamani ya kufumba. SCRAM, njia mpya zaidi, humchelewesha, lakini nywila dhaifu ni dhaifu tu.

Kwa wanaotumia PostgreSQL, mmojawapo wa mifumo ya kanzidata, programu ya kupandishia toleo ni pg_upgrade. Zamani ilimwaga mafaili yake kwenye folda yoyote uliyosimama wakati wa kutoa amri. Februari 2018 watengenezaji walitoa marekebisho (matoleo 10.2, 9.6.7 na mengineyo), kwa sababu faili lile la nywila lilikuwa likiandikwa kwa ruhusa za kawaida za mtumiaji, hivyo mtu mwingine mwenye akaunti kwenye seva hiyo aliweza kulisoma, hata kulibadilisha. Kuanzia toleo la 15 mafaili huwekwa kwenye pg_upgrade_output.d, ndani ya folda ya data ya kanzidata mpya, na kazi ikifanikiwa hufutwa yenyewe, isipokuwa umeweka --retain kwenye amri ili yabaki.

Kwa hiyo hatari kubwa iko pale kazi inapokwama, kwani hapo mafaili hubaki. Usiyafute kwa hofu, maana ndiyo yatakayokuonyesha kosa. Yaache yalipo. Folda ya data kwa kawaida humfungukia mwenyewe tu, lakini ukiyanakili kwenye flashi au folda ya ofisi nzima, kinga hiyo umeivua kwa mkono wako. Ukilazimika kunakili, tanguliza umask 077, amri inayofanya mafaili mapya yafunguke kwako peke yako.

Logi za kila siku za seva nazo zina yake. Ukiingiza namba ya simu iliyokwisha kuwepo mahali pasiporuhusu kurudia, PostgreSQL huandika namba yenyewe kwenye maelezo ya kosa. Hiyo ni taarifa binafsi ya mteja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haiulizi kama uliirusha kwa nia njema.

Kijana wetu bado anauliza kwenye grupu, na vizuri aulize. Siku hizi hubandika mistari mitatu au minne yenye kosa, na palipokuwa na jina la mtumiaji ameandika "fulani".