Paneli inayofyonza 1.15: namba za ukuta ndani ya programu ya akustika

Programu za akustika ya vyumba, yaani za kukokotoa jinsi sauti itakavyosikika chumbani, kama ODEON, CATT-Acoustic au EASE, huja na maktaba ya vifaa vya ujenzi. Unabofya ukuta, unachagua pamba ya mwamba ya sentimita 5, na ukuta unaanza kufyonza sauti. Wengi huishia hapo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo hesabu nyingi za mwangwi zinapoanza kuharibika, maana namba ya ufyonzaji inayotoka kwenye maktaba hiyo haielezi ukuta wako. Inaeleza jaribio lililofanyika maabara.

Mgawo wa ufyonzaji ni sehemu ya nishati ya sauti isiyorudi chumbani baada ya kugonga uso fulani. Wallace Sabine, aliyeanza kuchunguza mambo haya Harvard mwaka 1895, alitumia dirisha lililo wazi kuwa kipimo: sauti ikitoka nje hapo hairudi, basi dirisha ni 1. Sasa fungua jedwali la mtengenezaji wa paneli, utakuta 1.15 kwenye 1000 Hz. Paneli imelishindaje dirisha?

Haijalishinda. Kwa utaratibu wa ISO 354, kiwango cha kimataifa cha kupima ufyonzaji, kipande cha mita za mraba 10 hadi 12 huwekwa katika chumba chenye mwangwi mrefu, kisha ufyonzaji hukokotolewa kutokana na jinsi mwangwi ulivyofupika. Kwenye kingo, mawimbi hupinda, na kipande huvuta nishati ya eneo kubwa kuliko lake, lakini hesabu hugawanya kwa eneo lake tu. Programu hizi hufuata sauti kama miale inayodunda kutoka uso hadi uso, na mwale hauwezi kumezwa zaidi ya wote, kwa hiyo namba hiyo lazima ishushwe. Mimi huishusha mwenyewe hadi 0.95 au hapo karibu, nisiiachie programu iamue.

Jambo la pili ni namna paneli ilivyofungwa. Pamba hufyonza sauti pale hewa inaposogea ndani yake, na kwenye ukuta mgumu chembe za hewa karibu hazisogei kabisa. Husogea zaidi umbali wa robo ya urefu wa wimbi kutoka ukutani. Kwa 1000 Hz robo hiyo ni kama sentimita 8.5, kwa 125 Hz ni kama sentimita 69. Ndiyo maana pamba nyembamba iliyobandikwa ukutani huua sauti kali na kuiachia besi ipite. Ukiisogeza mbele ukaacha nafasi ya hewa nyuma yake, besi nayo hupungua. Paneli ile ile, namba tofauti. Soma jedwali uone lilipimwa likiwa na nafasi ya hewa kiasi gani. Na usichore nafasi hiyo kwenye modeli ya miale: chora uso wa mbele tu, uupe namba ya mfumo mzima.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni ukumbi mtupu wenye dari inayofyonza sauti. Chukua ukumbi wa mita 10 kwa 8, kimo mita 3, sakafu ya vigae na kuta za plasta zenye mgawo wa 0.03. Ujazo ni mita za ujazo 240. Dari nayo ikiwa ya plasta, fomula ya Sabine, inayokokotoa muda wa mwangwi kutokana na ujazo na ufyonzaji, inatoa sekunde 4.8. Weka dari ya 0.9, inashuka hadi sekunde 0.5. Mteja anafurahi, fundi analipwa, kisha watu wanaingia na ukumbi bado unalia. Sabine alichukulia kwamba sauti imesambaa sawasawa kila upande. Hapa sauti inayosafiri kwa ulalo hupigwa kati ya kuta mbili zinazotazamana, na dari haiioni. Kwa hiyo muda halisi unaweza kupita sekunde moja bila shida.

Programu ya miale italiona tatizo hili, ila kwa sharti moja: mgawo wa mtawanyiko uwe sahihi, yaani sehemu ya sauti inayotawanywa pande zote badala ya kuakisiwa kama kwenye kioo. Ukiupa ukuta laini wa plasta 0.3, miale itatupwa juu kwenye dari, ukumbi utaonekana mzuri, na umejidanganya. Ukuta mkubwa ulionyooka mimi huupa 0.05 au chini. Kwa rafu ya vitabu hupandisha sana, badala ya kuchora kila kitabu. Paneli nazo huzichora mahali pake hasa. Kusambaza ufyonzaji wake juu ya ukuta mzima huficha mwangwi wa kupigana kati ya sehemu zilizobaki wazi.

Kwenye studio ndogo, hata haya hayatoshi. Chumba cha mita za ujazo 30 chenye mwangwi wa sekunde 0.4 hutawaliwa na mawimbi yaliyosimama chini ya takriban 230 Hz, na miale haiyajui. Hapo inahitajika programu ya mawimbi, na ukuta huelezwa kwa impidansi, yaani ufyonzaji pamoja na fazi (jinsi wimbi linavyochelewa linaporudi). Modeli ya Delany na Bazley ya 1970, au ile ya Miki ya 1990 iliyoirekebisha, hukupa impidansi hiyo ukijua unene wa pamba na ukinzani wake kwa mtiririko wa hewa. Ndiyo maana siku hizi muuzaji akinitumia jedwali la migawo tu, swali langu la kwanza kwake ni ukinzani huo.