Maswali na Majibu: Mbwa na Paka katika Nyumba ya Wapangaji Wengi

Swali: Wapangaji wa nyumba yetu tunatumia ua mmoja. Je, si salama zaidi kupiga marufuku ufugaji wa mbwa na paka?

Jibu: Mwenye nyumba anaweza kuweka marufuku hiyo, lakini kwa upande wa afya haileti usalama unaotarajiwa, kwa kuwa mnyama anayefugwa kwa kificho ndiye asiyepelekwa kuchanjwa, na mbwa wanaozurura mtaani hawazuiwi na makubaliano ya wapangaji. Kanuni yenye manufaa zaidi ni kumtaka kila mfugaji aonyeshe kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya kumleta mnyama, na kila mwaka baada ya hapo. Paka nao wahesabiwe, ingawa wengi huwasahau.

Swali: Mtoto aking'atwa uani, kanuni iseme nini?

Jibu: Hiki ndicho kipengele kinachostahili kuandikwa kwa ukamilifu kuliko vingine vyote, kwa sababu dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki, ilhali chanjo ikitolewa mapema ugonjwa huzuilika. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, bila kupakwa majivu wala mafuta ya taa, kisha mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu na hata kama mwenye mbwa ni jirani mwema anayeapa kwamba mbwa wake ni mzima. Mbwa mwenyewe asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama na kuangaliwa na mtaalamu wa mifugo kwa siku 10, kwani akibaki mzima muda wote huo, daktari anaweza kusitisha chanjo zilizobaki. Gharama za matibabu ziafikiwe mapema, kwa maana ubishi juu ya nani alipe ndio huchelewesha safari ya hospitali.

Swali: Na kinyesi?

Jibu: Kiondolewe kila siku na mfugaji mwenyewe. Mayai ya minyoo ya mbwa na paka hukomaa ardhini, na viluwiluwi vya baadhi yake hupenya ngozi ya watoto wanaocheza peku, vikiacha michirizi inayowasha. Dawa ya minyoo kwa wanyama iende sambamba na usafi huo.

Swali: Mpangaji mmoja ni mjamzito. Paka aondolewe?

Jibu: Hapana. Vimelea vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, vilivyomo katika kinyesi cha paka huhitaji siku moja hadi 5 ndipo viweze kuambukiza, hivyo mtu mwingine asafishe choo cha paka kila siku. Mama mwenyewe avae glavu anaposhika udongo wa bustani, aoshe mboga vizuri na ale nyama iliyoiva kabisa, maana nyama mbichi nayo ni njia kubwa ya maambukizi hayo.