Kona ya zilipendwa kwenye jengo la maduka: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Panga redio kuukuu na simu ya kuzungusha namba, watu watajaa." Watajaa siku ya kwanza, watapiga picha, kisha hutawaona tena. Dhana hii ndiyo inayomaliza bajeti ya wanaopanga vitu vya zamani kwenye jengo la maduka ili kuvuta wateja, kwa hiyo naanza nayo. Wanasaikolojia Constantine Sedikides na Tim Wildschut wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wamechambua kumbukumbu tamu ambazo watu husimulia, na mara nyingi msimuliaji yumo ndani yake pamoja na watu wake wa karibu. Kifaa ni kisingizio tu. Kinachokumbukwa ni watu.

Chukua kaseti. Ukiifungia kwenye kabati la kioo, ni plastiki tu. Iweke mezani, utepe umechomoka kidogo, penseli iko kando. Mama mtu atachomeka penseli kwenye tundu lenye meno, aanze kuzungusha polepole, utepe urudi ndani, na mtoto aulize, "Sasa hiyo penseli ya nini?" Masimulizi yameanza, na hujamlipa mtumbuizaji yeyote. (Kaseti za akiba ziwe nyingi, maana zitakatika.)

Wapo wanaodhani zamani yoyote inafaa. Wanasaikolojia wanajua kuwa kumbukumbu za watu wazima hurundikana zaidi kwenye miaka yao ya kati ya 10 na 30. Aliyezaliwa mwaka 1980 hakuwapo Walkman, kile kicheza kaseti cha kubeba, ilipotoka mwaka 1979, lakini Game Boy, mashine ya michezo ya mkononi ya mwaka 1989, ilimkuta mtoto wa miaka tisa, anakaribia kabisa kuingia umri huo. Amua kwanza unamtaka mgeni wa umri gani, ndipo uende kutafuta vifaa.

Na eti vijana hayawahusu? Mwaka 2022 nchini Marekani santuri ziliuzwa nyingi kuliko CD, na wanunuzi wake si wazee peke yao.

"Iwekwe mlangoni ionekane." Hapana. Anayeipata mlangoni hugeuka na kwenda zake. Ipeleke ghorofa ya juu, njia yake ipite mbele ya maduka, la sivyo wapangaji wana haki ya kukuuliza wamefaidika nini.

"Ikipendwa, iache mwaka mzima." Itazoeleka kama ngazi za umeme. Mwaka 2020 duka la mwisho la Blockbuster, kampuni ya kukodisha kanda za video, huko Bend, Oregon, Marekani, lilipangishwa kupitia Airbnb, mtandao wa kukodi malazi, kwa usiku tatu tu, dola 4 kila usiku, likiwa na sebule ya miaka ya 1990, na habari zake zikasambaa dunia nzima.

La mwisho ni hili la "ni ya siku chache, vibali vya nini?" Wimbo ukipigwa hadharani mara nyingi una wenyewe, hata ukiwa wa zamani. Na zile TV za chogo nazipenda sana, ila ndani yake umeme mkali unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Fundi azikague, na migongo ya TV hizo ielekee ukutani, mtoto asipate pa kupenyeza mkono.