Vipande 88 bila pengo: kwa nini Gescom walihitaji MiniDisc

Mwaka 1998 lebo ndogo ya Uingereza iitwayo Or ilitoa albamu ya muziki wa elektroniki ambayo hukuweza kuipiga kwenye kaseti, santuri wala CD. Ilitoka kwenye MiniDisc peke yake, kisahani kidogo cha dijitali cha Sony, na jina lake ni hilo hilo, Minidisc. Walioitengeneza walijiita Gescom, jina ambalo chini yake wanamuziki mbalimbali huingia na kutoka, na kiini chake ni Sean Booth na Rob Brown wa kundi la muziki wa elektroniki la Autechre. Kwenye kazi hii alikuwepo pia msanii Russell Haswell. Tungo ni 45, lakini ukitazama kioo cha mashine unaona namba zinafika 88, kwa sababu baadhi ya tungo zimekatwa na kila kipande kikapewa namba yake.

Wengi wanaoitaja albamu hii hustaajabia chombo kilichoibeba na kuishia hapo, kana kwamba wasanii walitaka tu kujitofautisha na wenzao. Siafiki. Mimi ni fundi wa sauti, minidiski zimepita mikononi mwangu kwa miaka mingi ya kazi ya redio, na kila nikiisikiliza albamu hii nasikia watu walioielewa mashine mpaka ndani, wakatunga muziki wa kuishi humo. Ukiutoa humo unapungua, na ninachotaka kueleza ni kinachopungua.

Sony waliingiza MiniDisc sokoni mwishoni mwa 1992, mwaka ule ule ambao Philips walileta kaseti yao ya dijitali, DCC. Kaseti ile haikudumu. Minidiski ilipendwa sana Japani, na kwingineko ilipata wapenzi wachache lakini wa kweli. Ni kisahani cha milimita 64 kilichofungiwa ndani ya kasha la plastiki lenye kilango cha chuma kinachojifungua mashine inapolimeza. Kinabeba dakika 74 za muziki, na unaweza kukitia kwenye mfuko wa shati bila kuhofia mikwaruzo.

Redioni tuliipenda kwa sababu ambayo msikilizaji wa nyumbani huenda hakuwahi kuihitaji. Mwandishi anarudi na mahojiano ya dakika arobaini, na taarifa inataka sentensi tatu. Enzi za utepe ungeshika wembe, au ungenakili kutoka deki moja kwenda nyingine huku ukiiba muda wa taarifa ya habari. Kwenye minidiski unasikiliza kwa visikizio hadi pale mhojiwa anapovuta pumzi, unabonyeza kitufe cha kugawa. Unasonga mbele hadi mwisho wa sentensi, unagawa tena. Kipande cha katikati tayari kina namba yake. Unakihamisha kiwe cha kwanza, unafuta kikohozi, unaunga na kingine, yote hayo ukiwa umekaa ndani ya gari mnarudi ofisini.

Katika shughuli yote hiyo sauti yenyewe haijasogea hata chembe. Kinachobadilika ni jedwali dogo lililoandikwa upande wa ndani wa disiki, linaloiambia mashine kwamba namba 1 inaanza hapa inaishia pale, halafu ruka uende kule. Jedwali hilo huandikwa unaposimamisha kurekodi au unapoitoa disiki. Umeme ukikatika kabla ya hapo, sauti ipo kwenye disiki lakini mashine haijui iko wapi. Wenye minidiski za zamani za redio walitie hilo maanani wanapozigusa.

Kwa hiyo katika minidiski wimbo ni anwani tu. Mashine hupima sauti kwa vifungu vya milisekunde 11.6, na kila kifungu kinajulikana kilipo. Ukishafikiri hivyo, kukata tungo 45 kuwa namba 88 ni kuitumia mashine kwa namna inavyojiendesha yenyewe.

Sasa bonyeza kitufe cha kuchanganya nyimbo (shuffle), kinachozicheza bila kufuata mpangilio wa namba. Kwenye CD za wakati ule, wimbo ukiisha leza huhama, hutafuta mwanzo wa wimbo mwingine, hujipanga sawa kwenye mstari, ndipo sauti irudi. Katikati pana kimya. Kwa albamu ya dansi au ya taarab kimya hicho hakina madhara, maana kila wimbo una mwanzo na mwisho wake. Kwa vipande ambavyo vingine ni vya sekunde chache tu, kimya kinageuka kuwa sehemu ya muziki, tena sehemu ambayo hakuna aliyeitunga.

Minidiski haina kimya hicho, na sababu yake inapendeza. CD hupeleka takriban kilobiti 1,411 za sauti kwa sekunde. Sony walibana sauti ya minidiski hadi kilobiti 292, karibu moja ya tano, ili dakika 74 zienee kwenye kisahani kidogo. Lakini disiki yenyewe inasomwa kwa kasi inayozidi mara nne ile ambayo sauti inahitaji. Kinachosomwa huingia kwanza kwenye kumbukumbu ya akiba, na sauti hutolewa humo polepole. Ni mpango wa tangi la maji juu ya paa: pampu inavuta kwa nguvu kwa muda mfupi kisha inapumzika, na bombani maji yanatoka vile vile. Mashine za mwanzo ziliweka akiba ya sekunde kama 10, na za baadaye zikaongeza.

Sony waliweka akiba hiyo kwa ajili ya mtu anayetembea. Mshtuko ukilitikisa jicho la leza likapoteza njia, akiba inaendelea kulisha visikizio wakati leza inajitafuta. Ilikuwa dawa ya barabara mbovu na mazoezi ya asubuhi. Gescom waliona kitu kingine ndani yake. Ikiwa leza ina sekunde kadhaa za kutangatanga bila msikilizaji kujua, basi inaweza kuruka kutoka kipande chochote kwenda kipande chochote, na masikioni viwili hivyo vikagusana. Wakatunga kwa ajili ya mguso huo.

Ndiyo maana ukiicheza kwa kuchanganya, hupati hisia ya orodha iliyovurugwa. Mlio mrefu wa chini unakatwa na mkwaruzo wa ghafla, mkwaruzo unamwagikia kwenye mdundo ambao hujui ulianza lini, na sikio linatafuta uhusiano na kuupata, ingawa hakuna mtu aliyeupanga uhusiano huo. Namna za kupanga vipande 88 ni hesabu yenye tarakimu 135. Hakuna atakayezimaliza. Walichokuwa nacho mkononi watunzi ni kingo: kila kipande kinaanzaje, kinaishaje, kina ukali gani mlangoni. Hiyo ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kila ukingo lazima ukubali jirani yeyote atakayeletwa.

Nimejaribu kuisikiliza kwa mpangilio wa 1 hadi 88. Inasikika vizuri, na tungo zilizokatwa zinarudi kuwa nzima. Ila ninaisikia kama mazoezi ya kitu kingine.

Huwezi kuizungumzia kazi hii ukaacha ubanaji wa sauti, mfumo ambao Sony waliuita ATRAC. Unategemea udhaifu wa sikio: sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo kwa urefu wa wimbi, hivyo ile ndogo inaweza kurekodiwa kwa uzembe, au kuachwa kabisa, bila msikilizaji kuhisi. Kwa mwimbaji na gitaa mbinu hii hufanya kazi kwa urahisi. Kwa muziki wa Gescom ni mtihani. Mkwaruzo mtupu umejaa mawimbi ya kila urefu kwa wakati mmoja, na mashine haijui la kutupa. Mlio mkali unaotokea ghafla nao una matatizo yake, kwa sababu kosa la ubanaji hutawanyika ndani ya kifungu chote cha milisekunde 11.6 na kusikika kama kivuli kinachotangulia mlio. ATRAC hujikinga kwa kufupisha vifungu hivyo inapohisi mlio wa namna hiyo ukija, hadi milisekunde 1.45 kwa sauti za juu.

Matoleo ya mwanzo ya mfumo huu yalilalamikiwa na wahandisi, na walikuwa na haki. Kufikia 1998 ulikuwa umeboreshwa sana. Ninachokipenda ni kwamba albamu hii imeshonwa ndani ya mipaka hiyo hiyo. Hakuna toleo la kifahari zaidi lililouzwa siku ile ambalo ungeweza kulilinganisha nalo.

Kuna tungo humo iitwayo Polarized Beam Splitter, nayo imekatwa vipande. Jina hilo ni la kifaa kilichomo ndani ya jicho la mashine ya minidiski, kipande cha kioo kinachoigawa miale ya leza kulingana na mwelekeo wa mtikisiko wake. Ukifungua mashine kwa bisibisi ndogo, ukaondoa kifuniko na kulitazama jicho kwa kikuzio huku umeme umezimwa, unaona lenzi tu. Kioo hicho kimejificha chini yake. Lakini ndicho kinachoiwezesha minidiski kuwa vyombo viwili kwa pamoja.

Disiki tupu ya kurekodia hutumia sumaku. Leza huchoma nukta ndogo upande mmoja hadi nyuzi joto zipatazo 180, usumaku wa nukta hiyo unalegea, na kichwa cha sumaku upande wa pili kinauelekeza upya kabla haujapoa. Wakati wa kusoma, leza dhaifu ikirudi kutoka kwenye nukta hiyo huwa imepinda mwelekeo kidogo sana, upande huu au ule. Kioo kinaigawa miale iende kwenye vihisi viwili, na tofauti kati ya vihisi hivyo ndiyo habari. Disiki zinazochapwa kiwandani hazina sumaku, zina vishimo kama vya CD, na kwa hizo mashine hujumlisha vihisi viwili badala ya kutoa. Jicho moja, hesabu mbili. Mtu aliyeipa tungo yake jina la kioo hicho hakuwa mpita njia kwenye chombo hiki.

Wanamuziki wengine waliitumia minidiski kama daftari. Mwaka 2019 disiki 18 za Thom Yorke, mwimbaji wa bendi ya Radiohead, za enzi za albamu yao OK Computer zilidukuliwa, na bendi hiyo ikaamua kuziuza yenyewe mtandaoni, zaidi ya saa 16 za michoro na majaribio. Ni hazina, na kwa rekodi zile kuhama kutoka kwenye disiki kwenda kwenye faili hakukuharibu chochote, kwa sababu minidiski ilikuwa imeokota tu kilichotokea chumbani. Kazi ya Gescom haihami kirahisi hivyo.

Mwaka 2006 Or waliitoa tena kwenye CD. Namba 88 zinaenea, kwa kuwa CD inakubali hadi 99, na nafurahi ilitoka, maana wengi hawakuwa na njia nyingine ya kuisikia. Ila ukiitia kwenye mashine ya kawaida ya CD na kuichanganya, vile vimya nilivyovieleza vinarudi kila mahali. Sauti zote zipo. Migusano haipo.

Sony waliacha kuuza mashine za MiniDisc mwaka 2013, na Februari 2025 wakasimamisha utengenezaji wa disiki tupu. Macho ya leza yaliyobaki yanachoka, na vipuri vyake ni vya kunyofoa kwenye mashine zilizokufa. Kwa hiyo mwenye nakala ya albamu hii, au ya mkusanyiko wowote uliotolewa kwenye minidiski, asichelewe kuihamisha. Tumia deki ya mezani yenye tundu la optiki, yaani linalotoa sauti ya dijitali kwa mwanga, si ile ya mfukoni yenye tundu la visikizio tu. Sauti itatoka ikiwa imeshafunguliwa ubanaji wake, kwa muda ule ule wa kuisikiliza, bila kelele ya waya. Irekodi kwa mpangilio wa namba bila kuipandisha wala kuishusha sauti, halafu kata kila kipande pale pale namba inapobadilika, bila kupunguza wala kulainisha mwisho wake.

Hifadhi vipande kwa WAV au FLAC, aina za faili zisizotupa chochote cha sauti. MP3 isiguse kazi hii. Kwanza ni kubana kitu kilichobanwa tayari, na makosa ya mfumo mmoja yanapandana na ya mwingine. Pili, na hili ndilo baya zaidi hapa, MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa kila faili, na programu nyingi hazijui kukiondoa. Utakuwa umelirudisha pengo ambalo chombo kizima kilichaguliwa ili kuliepuka.

Simu ya leo yenye programu inayocheza faili bila pengo inaweza kuifanya kazi ya ile akiba ya sekunde 10, tena bila jasho. Zima kile kipengele kinachofifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, kwa sababu kinalainisha kingo ambazo watunzi walizinoa. Washa kuchanganya. Na kwenye folda weka faili fupi la maandishi linaloeleza kwamba vipande hivi 88 vilitengenezwa vichezwe kwa mpangilio wowote, vikigusana, kusudi atakayelifungua baada yako asivipange upya na kuweka sekunde mbili za kimya baina yake.