HR wa vituo vingi vya afya: yanayosemwa na yalivyo

Tuchukue mfano wa Tanzania Bara: shirika binafsi lenye hospitali moja mjini, vituo vya afya viwili vitatu na zahanati kadhaa za pembezoni. Mshirika wa rasilimali watu ni yule afisa anayekabidhiwa kundi la vituo hivyo na kukaa meza moja na waganga wafawidhi na wauguzi wafawidhi wake. Kazini wengi humwita HR tu, na mengi wanayomdhania si kweli.

Dhana: Ratiba ya zamu haimhusu, hiyo ni ya muuguzi mfawidhi

Nani aingie lini ni kweli anapanga muuguzi mfawidhi. Ila idadi ya watu anaopewa kupanga nao ni hesabu ya HR, na mara nyingi ndipo mambo yanapoharibikia.

Nafasi moja ya muuguzi inayotakiwa kuwa na mtu usiku na mchana ina saa 168 kwa wiki, yaani 8,736 kwa mwaka. Muuguzi wa saa 45 kwa wiki, ukimtolea siku 28 za likizo na ukamkadiria wiki moja ya ugonjwa na moja ya mafunzo, anabaki na wiki 46, sawa na saa 2,070. Gawanya 8,736 kwa 2,070, unapata wauguzi 4.2. Wodi inayotaka wauguzi wawili kila zamu inahitaji 8.4, kwa hiyo tisa, na hapo hujagusa sikukuu wala nusu saa ya kukabidhiana zamu. Bajeti ikiandikwa "wanane", pengo linazibwa kwa saa za ziada. Nazo zina kikomo: saa 50 katika mzunguko wa wiki nne, kila saa ikilipwa mara moja na nusu.

Dhana: Zamu ya saa 12 haina malipo ya ziada

Hii ndiyo inayoleta manung'uniko mengi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwemo, bila malipo ya ziada. Masharti yake: makubaliano ya maandishi, siku zisizozidi tano kwa wiki, na saa za kawaida zisizozidi 45. Zamu nne, ukitoa saa moja ya mapumziko kila zamu, ni saa 44. Kwenye karatasi hakuna tatizo.

Sasa nenda zahanati yenye muuguzi mmoja usiku. Anakula wali wake ubavuni mwa meza ya mapokezi, macho mlangoni, maana mama mwenye uchungu hasubiri mtu amalize kula. Aliyetakiwa kuwepo tayari kwa kazi wakati wa mapumziko anapaswa kulipwa saa hiyo. Zamu nne zinakuwa saa 48, tatu zikiwa za ziada. Msimamizi wa mishahara aliye mjini haoni hilo; HR aliyewahi kuisoma rosta ya zahanati hiyo analiona.

Posho ya usiku nayo ni haki ya kisheria, hata kama kituo hakina sera yake. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, kila saa huongezwa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 kwa mwezi, ukigawa kwa 4.333 (wastani wa wiki za mwezi) kisha kwa 45 (saa za wiki), anapata kama shilingi 4,103 kwa saa. Saa 10 za usiku zinamwongezea takribani shilingi 2,050. Ni ndogo, ndiyo maana husahaulika, kisha hudaiwa ya miaka kwa mkupuo.

Dhana: Leseni ilishakaguliwa siku ya kuajiriwa

Leseni huisha, na si zote zinatoka baraza moja: wauguzi na wakunga wana lao, madaktari lao, wafamasia lao, wataalamu wa maabara lao. Jedwali moja la vituo vyote linatosha: jina, kada, kituo, namba ya leseni, tarehe ya kuisha. Mtu akumbushwe siku 90 kabla, tena 60, tena 30. Uhakiki ufanyike kwenye rejista ya baraza, maana nakala iliyotolewa fotokopi haithibitishi chochote. Majina pia yanasumbua: cheti kina jina la baba, mkataba una la mume, kitambulisho cha NIDA kina tahajia nyingine. Yarekebishwe mapema, kabla mkaguzi hajayauliza.

Dhana: Mtu wa shirika anaweza kuhamishiwa kituo chochote

Inategemea mkataba unasemaje kuhusu mahali pa kazi; mabadiliko yanataka mashauriano na mhusika na maandishi mapya. Kabla ya kumhamisha tazama pia anachoacha nyuma: ukimwondoa mfamasia pekee wa kituo, duka la dawa halina msimamizi. Na tawi likiwa Unguja au Pemba, sheria ni nyingine kabisa, Sheria ya Ajira ya Zanzibar Na. 11 ya 2005.

Dhana: HR ndiye anayefukuza watu

Uamuzi ni wa menejimenti. Kazi ya HR ni utaratibu: tuhuma kwa maandishi, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na mwenyekiti wa kikao asiyehusika na jambo lenyewe. Kwenye zahanati ya watu sita mwenyekiti wa namna hiyo hapatikani, basi aazimwe kituo kingine. Aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko mwajiri huulizwa sababu na utaratibu pia.

Dhana: Mfanyakazi akitibiwa kwetu, HR anaweza kuona faili

Hapana. Pale yeye ni mgonjwa. HR anahitaji kujua siku za mapumziko na kama anafaa kurudi kazini, basi. Hahitaji kujua ugonjwa wenyewe ili kuhesabu siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miezi 36, 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu.

Dhana: Aliyechomwa na sindano ajaze fomu kwanza

Dawa kinga ya VVU kwanza. Ianze haraka iwezekanavyo, isipite saa 72, na inamezwa siku 28. Fomu ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ifuate. Kinachokwamisha kwa kawaida ni kabati la dawa kufungwa saa 8 usiku huku ufunguo uko nyumbani kwa mtu. Kila kituo kiwe na dozi za kuanzia mahali zamu ya usiku inapofikia, na HR aulizie zilipo kila anapotembelea.