Nani alilipia intaneti ya mwanzo Marekani?

Dhana: Ilikuwa ya bure, serikali ililipa kila kitu.

Sivyo, na kosa hili linaniuma kwa sababu linafuta jasho la vyuo vingi. Shirika la taifa la sayansi la Marekani, NSF, liligharamia njia kuu ya data iliyounganisha mitandao ya nchi, NSFNET, iliyoendeshwa na Merit, mtandao wa vyuo vya Michigan, kwa mchango wa kampuni ya kompyuta IBM na ya simu MCI. Chini yake kulikuwa na mitandao ya kanda, kama NYSERNet ya New York na BARRNet ya kaskazini mwa California. Chuo kililipa ada ya mwaka kwa mtandao wa kanda yake, kikalipa kampuni ya simu kodi ya laini iliyopanda kadiri umbali ulivyozidi, kisha nyaya, mitambo na mafundi wa chuoni vikawa mzigo wake mwenyewe.

Ruzuku iligusa zaidi namna ya kutoza. Mtandao wa kanda haukudaiwa chochote kwa data iliyopita njia kuu, basi nao haukuona haja ya kumpimia mteja. Bei ilifuata upana wa laini: kilobiti 56 kwa sekunde, au megabiti 1.5. Mwanafunzi angeweza kupakua mafaili usiku kucha na ankara ya chuo isiongezeke hata senti. New Zealand ilikuwa kinyume: vyuo vilichangiana gharama ya laini ya kwenda Marekani, vikatozwa kwa ujazo wa data.

Dhana: Ruzuku iliua biashara.

Sivyo. Njia kuu ilikatazwa kubeba mambo ya biashara. Waliotaka kuuza huduma wakalazimika kutafuta njia zao. PSINet, kampuni ya kuuza huduma ya intaneti, ilizaliwa kutoka NYSERNet mwaka 1989. Mwaka 1991 PSINet na watoa huduma wenzake, UUNET na CERFnet, wakaanzisha CIX, kituo cha kuunganisha mitandao ya biashara, wakabadilishana data bila kudaiana kwa ujazo. Naona katazo hilo lilichochea soko kuliko fedha zenyewe.

Dhana: Ruzuku ilikatwa ghafla.

NSFNET ilizimwa Aprili 30, 1995, lakini mitandao ya kanda ilipewa fedha za kununua huduma kwa kampuni binafsi, zikipungua mwaka hadi mwaka kwa miaka 4. Kufikia wakati huo mitandao ya kanda ya NEARnet, BARRNet na SURAnet ilikwisha kununuliwa na kampuni moja, BBN.